Koti la Marehemu Kwenye Meza ya Mtihani

Naona aibu hata kuanza, lakini afadhali jambo hili mlisikie kutoka kwangu, kwa sababu wale waliokuwepo Homa Bay siku hiyo wanalieleza vibaya, na kuna kijana mmoja alinipiga video na simu, na hiyo video ilifika Migori kabla mimi sijafika nyumbani. Humo naonekana nimesimama katikati ya watu kama mwizi wa kuku, koti la njano mwilini, mdomo wazi. Haionyeshi nilifikaje hapo. Mimi si mtu wa kelele, wanaonijua wanajua, na tangu mume wangu afariki naweza kumaliza siku nzima bila kusema maneno ya kujaza kikombe, lakini kwa jambo hili niacheni niseme, maana kosa lilikuwa la wengi na aibu nikabebeshwa peke yangu.

Mume wangu Okoth alikuwa mwalimu wa udereva katika chuo kidogo hapa Ndhiwa. Alituacha mvua za masika zilizopita. Kwetu mwanamke akifiwa na mume huvaa nguo mojawapo ya marehemu, na haivui mbele ya watu (kuoga tunaoga, msianze) mpaka siku familia imekaa na wanawake wazee wamemvua wenyewe. Ukiivua hadharani kabla ya siku hiyo, ni kama umetangaza kwamba kilio kimekwisha na mwenye nguo umeshamsahau. Okoth alikuwa na koti moja zuri la kanisani, na hilo tulimzika nalo. Lililobaki lilikuwa la kazi, la njano, limepauka mabegani, na mgongoni lina herufi nyeusi ambazo mtu aliye ng'ambo ya barabara anazisoma bila miwani: MWALIMU WA UDEREVA. Mama mkwe akanivika hilo. Hapa nyumbani hakuna aliyecheka, kila mtu alijua ni koti la Okoth, na mimi mwenyewe baada ya muda nikasahau kabisa kwamba mgongo wangu unasema kitu.

Okoth alituachia pia pikapu. Ni kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ndiyo iliyokuwa ikipeleka mahindi yetu sokoni na kuwapeleka wagonjwa wa jirani hospitalini. Tangu afe imesimama kando ya boma, kuku wanataga chini yake. Shemeji yangu Ouma, mdogo wake Okoth anayekaa Migori, alikuwa ameshaitolea macho. Alikuja siku moja, akaizunguka, akapiga teke gurudumu, akasema, "Gari bila dereva ni banda la kuku, shemeji. Siku ya kuvua koti tutakaa, na mwenye kuweza kuliendesha ataliondoa hapa." Nikamwambia dereva yupo, ni Achieng'. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Achieng' ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne na kitambulisho chake kilikuwa kimetoka juzi tu. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba kitambulisho kikitoka atamfundisha mwenyewe. Sasa mwalimu hayupo, lakini ahadi ipo. Na ili mtu yeyote amfundishe barabarani, ni lazima kwanza awe na kibali cha mwanafunzi, ile karatasi inayosema huyu anaruhusiwa kujifunza akiwa na mwenye leseni kando yake. Ouma alisema yuko mtu Migori anayeweza kutoa kibali hata bila Achieng' kuonekana. Nikakataa. Sikukataa kwa sababu mimi ni mtakatifu, nilikataa kwa sababu Okoth aliwahi kugombana na nusu ya Ndhiwa kwa mambo ya leseni za kichochoroni, na sikuona namna ya kulivaa koti lake huku nikifanya hivyo.

Basi tukaamua kwenda Homa Bay, kwenye saiba, yale maduka ya kompyuta na mtandao, kwa sababu simu yetu kioo kimepasuka na kila tukijaribu kutuma picha ya Achieng' inatoka kama mtu aliyepigwa radi. Mama mkwe hakupenda. Alisema mjane aliye kwenye kilio hatembelei maboma ya watu. Nikamwambia, mama, ofisi si boma la mtu. Akafikiri, akasema niende, lakini nisishikane mikono na watu ovyo, na koti lisitoke mwilini. Nikakubali yote.

Asubuhi tukitoka, Achieng' akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, si ujifunge leso hapo nyuma? Huko hawamjui baba."

Alikuwa ameishika tayari, leso yangu ya bluu, ile kanga ya kujifunga. Na hapa ndipo siku yangu ilipoharibika, ingawa jua lilikuwa bado halijatoka vizuri. Ningesema ndiyo, mkasa huu usingekuwepo. Lakini nilikasirika. Nikamuuliza maandishi ya baba yake yana aibu gani, yalimlisha na kumsomesha, leo anataka kuyafunika? Mtoto akaikunja leso, akaiweka kwenye mkoba.

Homa Bay tulifika salama. Saiba ilikuwa imejaa, na kijana wa pale akasema mtandao unakokota, mmoja abaki kwenye foleni na mwingine atafute kivuli. Nikamwacha Achieng' ndani, nikatoka nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uwanja, na ukingoni mwa uwanja kibanda cha mabati chenye kivuli kizuri, na chini ya kivuli meza kubwa na watu wachache wameizunguka. Nikaona, hapo hakuna ubaya. Nikaenda nikakaa kwenye jiwe, nikiwa nimewapa mgongo. Mgongo! Kama ningewapa uso pengine mambo yangekuwa mengine.

Sikujua kwamba siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa udereva. Ile meza ilikuwa imechorwa barabara, madaraja, vivuko vya watoto wa shule, na mzunguko mkubwa katikati, na juu yake kuna vigari vya kuchezea. Mtahiniwa huitwa pale, akapewa kigari, akaambiwa akipitishe huku akieleza sheria. Okoth alikuwa akiniambia habari za meza hizo, lakini sikuwahi kuiona hata moja. Na wale watu walikuwa wanafunzi wa chuo fulani ambao mwalimu wao hakuwa ametokea.

Nikasikia nyuma yangu, "Mwalimu amefika." Sikugeuka, kwa nini nigeuke? Halafu akaja mbele yangu jamaa mmoja mnene, mtu wa bodaboda, akanyoosha mkono. Nikakumbuka maneno ya mama mkwe, nikarudisha mkono wangu mapajani. Yule jamaa akageukia wenzake akawaambia, "Amekasirika, msimchokoze." Nikasema, "Mimi si mwalimu. Nimefiwa."

Basi nawaapia nilisema hivyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nao wakafanya nini? Wakanipa pole. "Pole sana, mwalimu." Mmoja akasema umefiwa na bado umekuja kazini, huo ni moyo wa ajabu. Mwingine akasema sasa anaelewa kwa nini chuo kimetuma mwalimu mgeni. Kila nikisema si mimi, wanasema pole. Nikaona nikizidi kueleza nitalia, na sikutaka kulia mbele ya mtu wa bodaboda, basi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonimaliza, maana walichukulia nimekubali.

Akaja mama mmoja, muuza samaki kutoka Kisegi, mtu wa rika langu, akapiga magoti kabisa kwenye vumbi. Alisema hii ni mara yake ya pili, mara ya kwanza aliangushwa na mzunguko, na mwanawe wa kiume anamcheka kila jioni. "Mwalimu wangu, nipitishe mara moja tu hapo kwenye mzunguko, halafu sikusumbui tena." Akaniwekea kigari kiganjani, chekundu, kimevunjika gurudumu moja.

Mniambie nyinyi, mngefanyaje? Mtu mzima amepiga magoti. Ningemtupia kigari chake? Nikasimama, nikaenda mezani, kwa nia ya kumsogezea tu kidogo ili ainuke. Nikakipitisha kigari barabarani polepole, nikafika kwenye mzunguko, na pale katikati palikuwa pamechorwa duara la kijani. Mimi nikaona ni nyasi. Na kwetu, kuanzia Ndhiwa mpaka Lambwe, gari likikuta nyasi mbele linapita juu ya nyasi, ndivyo nilivyoona maisha yangu yote, mvua ikinyesha hata Okoth mwenyewe alikuwa anaiacha barabara ya matope anapita shambani kwa watu. Nikakipitisha kigari katikati ya duara, moja kwa moja, nikatokea upande wa pili. Nikamrudishia.

Wakatazamana. Yule mnene akasema, kwa heshima kubwa, "Kumbe ni rahisi hivyo." Na wakaanza kufanya mazoezi, mmoja baada ya mwingine, wote wanapita juu ya lile duara, ambalo baadaye nilijua ni bustani ya maua ambayo gari huizunguka. Mimi nikarudi kwenye jiwe langu nikiwa nimefurahi kidogo, niseme ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kujiona nimemsaidia mtu.

Mtahini akaja. Alikuwa afande mrefu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, buti zinang'aa. Akamwita yule mnene kwanza. Jamaa akakisukuma kigari kwa madaha, akafika kwenye mzunguko, akakata bustani katikati kama mkate. Afande akamtazama tu, akamwambia akae kando. Akamwita wa pili, kijana mwembamba, naye akapita juu ya maua. Akamwita mama wa Kisegi, naye maskini kwa kujiamini kabisa, huku akieleza kwa sauti, "Sasa afande navuka hapa kwa uangalifu."

Afande akaweka kofia mezani. "Ni nani amewafundisha hii?"

Vidole vyote vilinigeukia, hata cha mama wa Kisegi, yule aliyenipigia magoti. Nikaitwa. Nilipokuwa natembea kwenda pale nikasikia watu kutoka barabarani wanasogea, wauza maji, wapita njia, yule kijana wa simu. Afande akanizunguka, akasoma mgongo wangu kwa sauti neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Akaniuliza cheti changu cha ualimu kiko wapi. Nikasema sina. Akauliza nafundisha bila cheti? Nikasema sifundishi. Na hao wamefundishwa na nani bustani? Hapo nilisita, kwa sababu ukweli ni kwamba kigari nilikisukuma. Mtu mwingine angekana. Mimi nikasema, "Hiyo bustani ni mimi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za kibanda.

Nikamweleza kwamba koti ni la mume wangu, yeye ndiye alikuwa mwalimu, amefariki, na kwetu mjane huvaa nguo ya marehemu. Na yule afande (jina lake silitaji, mwenyewe anajijua) akasema, "Nyinyi mkishikwa, wote mnakuwa mmefiwa." Maneno hayo bado yananiuma hadi leo. Mtu anaweza kukucheka, anaweza kukuita mjinga, na kwa habari ya bustani nilikuwa mjinga, lakini asikuambie umejizulia msiba.

Halafu akasema, "Vua hilo koti ulilete hapa."

Nikaganda. Mzee mmoja pembeni akajaribu kumweleza kwamba hilo halivuliwi hapa, afande, ni chola, ni nguo ya kilio. Afande akamwambia aende akauze nyanya zake. Yule mnene wa bodaboda, yule wa pole sana mwalimu, sasa ndiye aliyekuwa mbele akipiga kelele kwamba nimempotezea siku, nimemponza, nivuliwe. Mwenye simu akasogea karibu apate uso wangu vizuri. Na mimi kichwani nilikuwa naona kitu kimoja tu: nikilivua hapa, jioni Ouma atakuwa anasema kwamba nimemaliza kilio mwenyewe uwanjani, na pikapu itakuwa Migori kesho asubuhi.

Hapo ndipo Achieng' akatokea, anakimbia kutoka saiba. Alikuwa hata hajui kuna nini. Alikuwa amekuja kuchukua simu, kwa sababu kijana wa saiba alikuwa amefika mwisho kabisa na kuna namba ya kuthibitisha ilitumwa kwa simu yangu, namba hiyo haikai sana inakufa, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye koti. Akaniona. Akawaona watu. Hakuuliza kitu. Akatoa leso ya bluu kwenye mkoba, akapita katikati ya watu, akanifunga mgongoni juu ya koti, akakaza fundo kifuani kama nilivyokuwa nikimfunga yeye alipokuwa mdogo.

"Afande, huyu ni mama yangu," akasema. "Mwalimu alikuwa baba. Sisi tumekuja kutafuta kibali changu cha kujifunza, hapo ng'ambo."

Afande akamtazama, akacheka kidogo, akakichukua kile kigari chekundu akamnyooshea. Akamwambia kama kweli ni mtoto wa mwalimu, haya, zungusha, tuone.

Najua Achieng' alikuwa anajua. Baba yake alikuwa akimchorea mizunguko kwenye majivu ya jikoni tangu akiwa mdogo. Nikamwombea kimya kimya akizungushe, wanyamaze wote. Lakini mtoto aliweka mikono nyuma.

"Sina kibali bado, afande. Nikikipata nitazungusha."

Afande alibaki na kigari mkononi kama mtu aliyenyoosha sahani akanyimwa chakula. Sijui angesema nini, kwa sababu wakati huohuo akatokea mwalimu wao wa kweli, na ndala miguuni, andazi mkononi, anatafuna. Mnadhani aliniomba radhi? Alinigombeza! Alisema nimewaharibu wanafunzi wake, kazi ya wiki nyingi nimeimaliza asubuhi moja. Afande akamgeukia yeye kuuliza alikuwa wapi, na walipoanza kujibizana sisi tukaondoka. Hakuna mtu aliyesema pole, hata mmoja. Zile pole zilikuwa zimekwisha wakati nilikuwa mwalimu.

Namba ilikuwa imeshakufa. Kijana wa saiba alianza tena kutoka juu, huku akijizuia kucheka kwa sababu alikuwa ameona yote kupitia dirishani, na kabla hatujaondoka mjini kibali kikatoka, jina la Achieng' na picha yake ya uso uliokunjamana. Tulipokaribia nyumbani Achieng' akaniambia, "Baba angecheka, mama." Nikamwambia asinizoee.

Ouma alipiga simu usiku huo. Alikuwa ameiona video. Hakuuliza kama niko salama. Alisema nimeaibisha boma, nimelifunika koti la marehemu kwa leso mbele ya watu, kulifunika ni sawa na kulivua, na kwa hivyo habari ya pikapu imekwisha. Nilimkatia simu. Sijawahi kumkatia shemeji simu maishani mwangu.

Siku ya kuvua koti ikafika. Wanawake wazee waliniketisha mlangoni, wakanivua polepole, na nikalia kilio nilichokuwa nimekiweka muda wote huo. Ouma alikuwa amekuja na suruali ya safari na kamba za kufungia mizigo. Akaisimulia ile video mbele ya familia yote, akiiga hata nilivyosimama, na watu wengine (ndugu zangu wenyewe) wakacheka. Mama mkwe akamwacha amalize. Kisha akamuuliza Achieng' ile karatasi yake inasema nini. Achieng' akasoma kwamba anaruhusiwa kuendesha akiwa amekaa na mtu mwenye leseni kando yake.

"Na katika boma hili ni nani mwenye leseni?" mama mkwe akauliza.

Kila mtu alijua. Ni Ouma peke yake.

Mama mkwe akanyanyuka, akalichukua koti la Okoth pale mlangoni, akalikung'uta. Kwetu nguo ya marehemu ikishavuliwa hupewa ndugu. Akamvika Ouma, akamfunga na vifungo mwenyewe kama mtoto wa shule. "Basi wewe ndiye mwalimu," akamwambia. "Gari linakaa hapa. Utakuwa unakuja."

Na anakuja. Jumamosi mtamwona kwenye barabara ya Lambwe, amekaa kando ya Achieng' na koti la njano, ameshika mlango wa kamba kwa mikono miwili, amenuna. Hakuna aliyewahi kumpiga video, na hiyo nayo siioni kama ni haki.

Mimi sijasamehe. Afande sijamsamehe, mtu wa bodaboda sijamsamehe, na nikipita Homa Bay napita ng'ambo ya kile kibanda. Mama wa Kisegi nimemsamehe, nasikia alipita mara ya tatu. Lakini jambo moja nimejiapiza: binti yangu akininyooshea leso asubuhi, siulizi ni ya nini. Napokea, najifunga, tunaenda.